Pipa lisilojazwa: divai ya Jerez, utando wake, na chupa isiyo na mwaka

Tembo la nazi likiachwa wazi siku chache hugeuka siki. Kila anayeshughulika na kinywaji kilichochachuka anamjua adui wake: hewa. Ndiyo maana watengenezaji wa divai karibu kote Ulaya hujaza mapipa hadi mdomoni, huyaziba kwa nguvu, na hurudi kila mara kujaliza kilichopungua. Jerez de la Frontera, mji wa kusini mwa Hispania usio mbali na bandari ya Cádiz, hufanya kinyume. Pipa la lita 600 hutiwa lita 500 tu, kizibo hulazwa juu bila kukazwa, na divai hukaa humo miaka mitano, kumi, hata thelathini. Haiwi siki. Na kutokana na zabibu za aina moja, zilizokamuliwa siku moja, hupatikana divai mbili zisizofanana hata kidogo: moja nyeupe, kavu, yenye harufu ya lozi mbichi na unga wa mkate, nyingine ya rangi ya mninga, nzito, yenye harufu ya jozi na ngozi.

Hii ndiyo sheri. Lebo zake huwachanganya hata wanywaji wazoefu, kwa kuwa majina ni mengi (fino, manzanilla, amontillado, oloroso, palo cortado, Pedro Ximénez) na hakuna hata moja linalotaja mwaka wa mavuno. Tena wengi walioionja nje ya Hispania walipewa ile iliyotiwa utamu, wakahitimisha kwamba sheri zote ni tamu. Zinazonywewa Jerez kwenyewe, nyingi hazina sukari ya kuonjeka. Ukishaelewa mambo mawili, majina yote hayo hujipanga yenyewe: jinsi hewa inavyozuiwa au kuruhusiwa kuigusa divai, na jinsi divai changa inavyochanganywa na kongwe bila kukoma.

Kwanza jina. Mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Waislamu tangu 711 hadi 1264, nao waliuita Sharish. Wahispania wakapata Xerez, kisha Jerez. Waingereza, wateja wakubwa wa divai hiyo kwa karne nyingi, wakapata sherry. Lebo hadi leo hubeba majina matatu pamoja: Jerez-Xérès-Sherry. Kiarabu kimebaki hata ghalani. Wafanyakazi hupima pipa kwa arroba, kipimo cha lita 16 na ushei, na arroba ni ar-rub', yaani robo, neno lile lile tulilo nalo sisi. Pipa likitiwa arroba 30 limefika kiwango chake cha lita 500. Sita zilizobaki ni nafasi ya hewa.

Udongo mweupe

Divai hii huhifadhiwa hasa katika miji mitatu iliyokaa pembetatu: Jerez, El Puerto de Santa María, na Sanlúcar de Barrameda penye mlango wa mto Guadalquivir. Mashamba bora yako juu ya udongo uitwao albariza, chokaa laini nyeupe iliyotokana na masalia ya viumbe vidogo vya baharini. Kiangazi huko karibu hakina mvua, na mzabibu haumwagiliwi kwa kawaida. Kwa hiyo udongo ndio tangi. Baada ya mavuno, wakulima huchimba vishimo vya mstatili katikati ya mistari ili mvua za baridi zisiteremke mlimani bali zizame. Albariza hunywa maji hayo kama sifongo, na jua likizidi uso wake hukauka na kuwa ukoko mgumu unaozuia unyevu usitoke. Pepo mbili hutawala, kama kusi na kaskazi kwetu, ila hizi hupokezana ndani ya wiki moja: poniente kutoka baharini, yenye unyevu, na levante kutoka mashariki, kavu na ya moto. Mwenye ghala huziogopa na kuzisubiri, kila moja kwa zamu yake.

Zabibu ni Palomino, karibu shamba zima. Kwa kusema kweli ni zabibu isiyo na mvuto: asidi kidogo, harufu hafifu. Ukiitengeneza kama divai nyeupe ya kawaida utapata kinywaji kinachosahaulika mezani. Lakini hapo ndipo ufaafu wake ulipo, maana kinachotafutwa si ladha ya tunda bali uwanja mtupu ambao chachu na hewa vitauandika. Mavuno huanza mwezi wa Agosti katika miaka mingi, usiku au alfajiri ili zabibu zisichachuke njiani. Kanuni hairuhusu kupata zaidi ya lita 70 za maji ya zabibu kwa kilo 100. Yanayotoka kwanza kwa shinikizo dogo ni mepesi na safi, na hupelekwa kwenye njia ya fino, ile divai nyeupe kavu; yanayofuata, yenye ukakasi wa maganda, huelekea oloroso, ile ya rangi ya mninga. Yote huchachuka hadi sukari iishe, na matokeo ni divai nyeupe kavu yenye alkoholi ya asilimia 11 hadi 12.

Tofauti ya asilimia mbili

Baridi inapoingia, juu ya divai hiyo huanza kuota utando. Mwanzoni ni visiwa vidogo vyeupe, kisha vinaungana hadi uso wote unafunikwa na kitu kama malai ya maziwa yaliyochemshwa, chenye mikunjo. Wahispania hukiita flor, ua. Ni chachu hai: jamaa wa karibu wa hamira ya mkate, ila wamejifunza kuelea sukari inapokwisha na kuishi kwa kula alkoholi na kuvuta hewa.

Hapo msimamizi wa ghala huonja kila tangi au pipa na kulitia alama ya chaki. Mstari mmoja: laini, safi, inafaa kuishi chini ya utando. Mstari na nukta, au mistari miwili: nzito zaidi, iende kwenye hewa. Mistari mitatu: ina kasoro, ipelekwe kwenye mtambo wa kugeuza divai kuwa spiriti. Kisha huongezwa spiriti ya divai yenye nguvu ya asilimia 95 hivi, na kipimo chake ndicho uamuzi wenyewe. Chachu ya flor hustawi alkoholi ikiwa karibu na asilimia 15. Ikifika 17, hufa.

Tupige hesabu ya lita 100 za divai ya asilimia 12. Ili zifike 15, zinahitaji lita 3.75 za spiriti. Ili zifike 17, zinahitaji lita 6.4. Pungufu ya lita tatu za spiriti ndiyo mpaka kati ya fino na oloroso. Kwa desturi spiriti haimwagwi tupu: huchanganywa kwanza nusu kwa nusu na sheri iliyokomaa, ikaachwa siku chache itulie, ndipo itiwe. Ukimimina spiriti kali moja kwa moja, divai hushtuka, huwa na ukungu, na utando uliokwisha kuota unaweza kufa papo hapo. Kanuni za miaka ya karibuni zimeruhusu pia kutoongeza kitu, ikiwa zabibu zimeiva kiasi cha kufikisha nguvu inayotakiwa zenyewe.

Mwenye fino ana mfugo wa kulisha. Utando huifunika divai isiguswe na hewa, ndiyo sababu rangi yake hubaki ya majani makavu hata baada ya miaka mingi. Lakini haufuniki bure. Hula alkoholi, hula gliseroli (kile kinachoipa divai ulaini mdomoni, ndiyo maana fino hukwaruza ulimi kwa ukavu), na hutoa asetaldehaidi, kemikali yenye harufu ya tofaa lililopondeka. Chachu zinazokufa huzama na kuoza taratibu chini ya pipa, na kutoka hapo huja ile harufu ya mkate. Oloroso haina ngao hiyo. Hewa hupenya kwenye mbao na kupitia nafasi iliyoachwa, divai hupata rangi ya kahawia mwaka hadi mwaka, na kwa kuwa maji huvuka mbao kwa wepesi kuliko alkoholi, nguvu yake hupanda badala ya kushuka: sheri kongwe sana hufika asilimia 20 na zaidi. Kinachoizuia isiwe siki ni ile asilimia 17, ambayo bakteria wa siki hawaivumilii.

Ghala lenyewe ni chombo

Mapipa ni ya mwaloni wa Marekani, yamepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ambayo kwayo uvujaji huonekana mara moja. Pipa jipya halitakiwi. Mbao mpya hutoa ukakasi na harufu ya vanila inayoifunika divai, kwa hiyo pipa hutumikishwa kwanza kwa divai ya daraja la chini hadi litulie. (Watengenezaji wa wiski wa Uskoti wao hulipa pesa nyingi kwa mapipa yaliyotumikishwa hivyo; kinachoiudhi Jerez ni dhahabu kwao.)

Jengo hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mashine za baridi. Paa liko juu sana, mita 10 na zaidi, ili joto lipande mbali na mapipa. Kuta ni nene. Madirisha ni madogo, yako juu, yameelekezwa kupokea poniente, na yana mikeka ya nyasi inayoteremshwa jua likiwaka au levante ikivuma. Sakafu chini ya mapipa ni mchanga wa manjano unaonyeshewa maji kiangazi, wakati mwingine mara kadhaa kwa wiki. Utando hupenda nyuzi 15 hadi 20 na hewa yenye unyevunyevu. Ndani ya Jerez hunenepa majira ya kuchipua na ya vuli, hukonda kwenye joto na baridi. Sanlúcar, kwa kuwa bahari iko mlangoni, huwa mnene karibu mwaka mzima. Fino ya huko huitwa manzanilla, na ni nyepesi zaidi, yenye chembe ya chumvi.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Joto likizidi utando hupasuka na kuzama, divai ikaanza kushika rangi. Alkoholi ikiliwa hadi ikashuka chini ya asilimia 14.5, bakteria wa siki huingia. Pipa la namna hiyo hutolewa haraka kabla halijaambukiza jirani zake, na mwisho wake si mbaya, kwani siki ya Jerez ina cheti chake cha asili na bei ya kuheshimika. Kuna pia njaa. Chachu ikimaliza chakula kilichomo ndani ya divai hufa yenyewe, hata hali ya hewa iwe nzuri namna gani. Dawa ya njaa hiyo ni divai changa, na dawa hiyo ndiyo inayotufikisha kwenye mfumo wa ngazi.

Umande na vitalu

Mfumo huo huitwa solera, jina linalohusishwa na neno la Kihispania lenye maana ya sakafu, na ulienea mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mapipa hupangwa kwa makundi ya umri. Kundi kongwe ndilo solera. Linalofuata huitwa kitalu cha kwanza (criadera ni kitalu cha miche kwa Kihispania), kisha cha pili, cha tatu, na kuendelea. Fino huwa na vitatu au vinne, manzanilla zaidi. Picha maarufu ni ya mapipa yaliyopandishwa moja juu ya jingine, kongwe chini. Hiyo ni picha ya watalii. Kwa kazi halisi, kundi moja linaweza kuwa jengo hili na jingine ng'ambo ya barabara. Ngazi ni ya umri, si ya kimo.

Divai ya kuuza hutolewa kwenye solera tu, na haitolewi yote: sehemu ndogo kutoka kila pipa, mara nyingi si zaidi ya theluthi. Pengo hujazwa kutoka kitalu cha kwanza, pengo la kitalu cha kwanza kutoka cha pili, hadi juu kabisa ambako huingia divai ya mwaka. Kazi hiyo ya kujaza huitwa rocío, umande, na jina limeisadifu. Divai iliyotolewa katika mapipa ya kundi moja huchanganywa kwanza yote pamoja, kisha hugawiwa sawasawa, kwa kuwa kila pipa lina tabia yake na bila mchanganyo huo yangeachana kwa miaka. Kwenye fino hutumika bomba lenye vitundu vidogo, linaloingizwa hadi chini ya utando ili divai itoke polepole pembeni. Ukimimina kwa kishindo unapasua ua na kutibua mashapo ya chini.

Sasa swali linalowasumbua watu: divai iliyomo chupani ina umri gani? Hakuna mwaka mmoja wa kutaja, lakini wastani hupatikana kwa kugawa tu: jumla ya divai iliyomo katika mfumo mzima, gawa kwa kiasi kinachotolewa kila mwaka. Chukua makundi manne, kila moja mapipa 30 ya lita 500. Jumla ni lita 60,000. Ukitoa lita 3,750 kwa mwaka, yaani robo ya solera, wastani ni miaka 16. Ukitoa lita 3,000 mara nne kwa mwaka, kama fino inavyodai ili utando usife njaa, wastani hushuka hadi miaka 5. Mapipa ni yale yale na ghala ni lile lile. Kilichobadilika ni mkono wa anayetoa. (Hesabu halisi hupinda kidogo, kwa kuwa asilimia 3 hadi 5 ya divai hupotea hewani kila mwaka.) Bodi inayosimamia jina la Jerez hutumia mantiki hiyo hiyo: ghala linalotaka muhuri wa VOS, miaka 20, lazima libaki na lita 20 katika solera kwa kila lita linayoitoa, kwa VORS, miaka 30, lita 30. Juu ya hapo kila fungu huonjwa na jopo. Kwa sheri yoyote ile, wastani haushuki chini ya miaka 2.

Hesabu hiyo pia huvunja uchawi wa lebo zinazotangaza solera iliyoanzishwa mwaka fulani wa zamani. Ukitoa robo ya pipa kila mwaka, baada ya miaka 10 imebaki chini ya asilimia 6 ya divai ya mwanzo. Baada ya miaka 50, katika lita 500 yamebaki matone matano au sita. Ni kweli hayajaisha, na kihesabu hayataisha kamwe. Lakini anayelipa bei ya juu kwa ajili ya matone hayo ananunua tarehe, hanunui divai. Thamani ya solera ya zamani ni nyingine: mapipa yaliyozoea, na ladha iliyoshikiliwa bila kuyumba.

Majina yaliyobaki

Amontillado ni fino iliyovuka mpaka. Imeishi chini ya utando miaka kadhaa, kisha utando umekufa kwa njaa au umeuawa kwa kuongeza spiriti hadi asilimia 17, na divai ikaendelea kuzeeka kwenye hewa. Ndiyo maana ina ncha kali ya fino na jozi za oloroso kwa pamoja. Palo cortado ina sifa ya kuwa fumbo, na wauzaji hawana haraka ya kulifumbua. Jina lake ni kijiti kilichokatwa: divai ilipewa mstari mmoja wa chaki kama fino, baadaye mwonjaji akaiona inanenepa kama oloroso huku ikibaki na harufu nyembamba, akaukata ule mstari kwa mwingine. Zamani ilikuwa ajali. Siku hizi maghala mengi hulichagua pipa la kuelekea huko kwa makusudi.

Pedro Ximénez ni dunia nyingine kabisa. Zabibu za jina hilo, nyingi zikitoka Montilla-Moriles upande wa Córdoba, hutandazwa juani wiki moja au mbili hadi zikunjamane. Kinachokamuliwa ni kama asali nyembamba. Huanza kuchachuka kidogo tu ndipo hutiwa spiriti, chachu ikafa na sukari ikabaki: mara nyingi gramu 400 kwa lita, wakati soda ya kawaida ina 100 na kidogo. Ni nyeusi, hushikamana na glasi, na Wahispania huimwagia juu ya aisikrimu. Cream nayo ni oloroso iliyotiwa utamu, mara nyingi kwa divai hiyo, ikiwa na gramu 115 hadi 140. Neno cream halihusiani na maziwa.

Tofauti ya utando na hewa hukufuata hadi jikoni. Oloroso imekwisha kuizoea hewa kwa miaka, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa husimama kabatini mwezi mmoja au miwili bila kununa. Fino ilifichwa hewa maisha yake yote: iweke kwenye friji, inywe ikiwa baridi sana, na imalize ndani ya wiki moja. Hata ikiwa haijafunguliwa haingoji. Baadhi ya maghala sasa huuza fino isiyochujwa sana, iliyoandikwa en rama, na nyuma ya chupa huweka mwezi na mwaka divai ilipotolewa kwenye solera. Ukiiona tarehe hiyo, isome kama unavyosoma ya maziwa.